Lenzi Iliyosingiziwa

Bu Wuryani alikuwa akiwachekesha watu kwa sababu kazi yake ilimlazimu. Alikuwa mpiga picha, na studio yake, chumba chembamba kirefu mfano wa kifuko cha kalamu, ilitazamana na ofisi ya ndoa katika mtaa mmoja wa mji wa Malang, kisiwani Java, ambako mama huitwa Bu na baba Pak. Kila anayetaka kuoa au kuolewa sharti apeleke pale ofisini picha ndogo yenye pazia la buluu nyuma yake. Sasa watu wakishafika hatua hiyo huwa wamekwisha kugombana na ndugu zao wote juu ya ukumbi, nguo na nani aalikwe nani aachwe, kwa hiyo huketi mbele ya kamera wamenuna utadhani wamekamatwa. Na Bu Wuryani hakukubali kumpiga picha mtu aliyenuna.

"Bwana harusi," angesema, jicho moja kwenye kamera, "ukikunja uso hivyo kwenye cheti, siku mkifikishana kwa kadhi atasema, huyu mbona alijua tangu mwanzo!"

Bwana harusi angecheka, bibi harusi angemfinya paja, na papo hapo kamera ingelia.

Umri wake ulikuwa hamsini na kidogo, mjane wa siku nyingi, mfupi, shavu nene, shungi lake daima rangi ya papai lililoiva. Wanaume wawili watatu walikwisha kumtumia washenga. Kila mmoja alimwita studio, akampiga picha nzuri bila malipo, akamwambia akampelekee mwanamke mwingine. Mmoja wao alifanya hivyo kweli, akapata mke, na hadi leo akipita hapo humpigia honi.

Ila msimu ule wa mvua alipatwa na mkasa. Mvua ya Malang haina haraka wala haina haya: huja mchana, ikakaa, na unyevu wake ukaingia kwenye godoro, kwenye chumvi, na siku moja ukaingia kwenye lenzi kubwa ya Bu Wuryani, ile ya kupigia sura. Ilimea kuvu ndani, nyuzi nyeupe zimetambaa kama mizizi. Fundi aliitazama akairudisha kwa mikono miwili, namna watu wanavyorudisha kitoto cha paka kilichokufa.

Akabaki na lenzi ndogo iliyokuja na kamera. Hiyo ilikuwa na tabia ya kumsogelea mtu mno na kumkuza pua. Haikupita wiki, mama mmoja akavuka barabara akitokea ofisi ya ndoa, picha ameinyanyua juu kama tiketi.

"Bu Wur, mwanangu hana pua hii."

"Mama, si yake hiyo?"

"Ni yake, lakini si yote!"

Bu Wuryani akacheka mpaka akakaa chini, kisha akairudia picha ile kwa kusimama mbali, akairudia tena, na bado pua ikatangulia. Ndipo alipojua kwamba hana budi atafute lenzi ya sura ya kweli, ile inayomtazama mtu kwa adabu, kutoka mbali, ikamweka yeye peke yake mbele na vya nyuma vyote vikayeyuka kama siagi. Mpya hakuwa na uwezo nayo. Akaingia kwenye kikundi cha mtandaoni cha wauza vifaa vilivyotumika, akawa kila asubuhi anasoma matangazo huku anakunywa chai, kama wengine wanavyosoma habari za vifo.

Matangazo yale yalikuwa na lugha moja: "mpya kama jana," "ilitumika mara mbili tu," "naiuza nikilia." Hakuyaamini hata moja. Kisha siku moja akakuta hili:

*Nauza lenzi. Nyeusi. Nzito. Ya mume wangu. Rupia milioni nne. Njoo na pesa, usije na hadithi.*

Na picha yake: lenzi imewekwa juu ya mzani wa jikoni, kando ya vitunguu. Bu Wuryani akaikuza ile picha kwa vidole, akakodoa macho. Akaiacha chai yake, akavaa koti la mvua, akawasha pikipiki.

Nyumba ilikuwa kwenye kichochoro kinachoteremka mtoni, vigae vyake vimepauka na kupinda. Aliyemfungulia ndiye mwenye tangazo, Bu Murdiyah, mwanamke mrefu mwenye mikono ya mtu anayekanda unga kila siku. Sebuleni palikuwa na ndoo mbili na sufuria moja chini ya paa, na kila kimoja kikilia kwa sauti yake: ti, ta, ti. Pembeni, mahali pakavu kuliko pote, palisimama kabati la kioo lenye taa ndani, lenzi zimejipanga kama sahani za harusi.

"Unaona?" Bu Murdiyah alisema, akiweka mezani chai ya asumini na tempe, vipande vya soya vya kukaanga. "Vyake vina nyumba yenye taa. Mimi nalala na ndoo. Nimemwambia, Pak, moja itoke humo tukanunue vigae, la sivyo nitahamia mimi kabatini."

Mumewe alitokea chumbani polepole. Pak Harnowo alikuwa mstaafu wa kusoma mita za maji, mwembamba, mpole, miwani imemshuka puani. Kifuani alipakata kitu kimefungwa kwa kitambaa laini cha kubebea watoto wachanga. Akaketi. Hakukifungua.

"Bu," alianza, "mimi sipendi kumwibia mtu. Kwanza nikwambie ukweli. Lenzi hii ina kuvu."

"Ina kuvu?" mkewe akadakia. "Tangu lini?"

"Wewe huyajui haya mambo. Iko ndani kwa ndani."

Bu Wuryani akanyoosha mkono. Ilibidi aunyooshe kwa muda. Hatimaye akapewa, akatoa tochi yake ndogo mkobani, akamulika kioo upande huu, akamulika upande ule. Kilikuwa safi kama maji ya kisima alfajiri, hapana hata unywele.

"Mmh," alisema.

"Tena iliwahi kuanguka ngazini," Pak Harnowo aliendelea. "Paa, paa, paa, mpaka chini."

Bu Wuryani akaipapasa mzunguko mzima. Hapakuwa na alama ya kucha, achia mbali ya ngazi. Akaifunga kwenye kamera yake. Dirishani palikuwa na tetere ndani ya tundu, akamwelekezea.

"Na kulenga inalenga kwa uvivu," Pak Harnowo alisema upesi, "kama karani siku ya Ijumaa."

Lenzi ikatoa mlio mdogo, mmoja, ikalenga. Bu Wuryani akatazama kwenye kioo cha kamera: jicho la tetere, duara jeusi, na ndani ya duara dirisha zima limeingia, na mvua yake. Alikwisha kushika lenzi nyingi, lakini hii ilikuwa bibi harusi.

Alipoinua macho ndipo alipoona kidole gumba cha Pak Harnowo. Mdomo unasema kuvu, mdomo unasema ngazi, lakini kidole kilikuwa kinakipapasa kile kitambaa kitupu kilichobaki mapajani, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo wasemavyo. Hiki kilikuwa chema ambacho mwenyewe amesimama mlangoni kukizuia kisitoke.

Mtu mwingine angemhurumia, akaaga. Bu Wuryani akachukua kipande cha tempe, akakitafuna mpaka kikaisha, na shetani mdogo aliyekuwa akikaa siku zote chini ya shungi lake akaamka akajinyoosha.

"Astaghfirullah," alisema kwa huzuni kubwa. "Kuvu! Bu Murdiyah, umetangaza milioni nne. Kwa lenzi yenye kuvu?"

"Basi tatu na nusu," mkewe akasema, akimtupia mumewe jicho.

"Na imeanguka ngazini."

"Tatu."

Pak Harnowo hakuwa ameufikiria mchezo wake mpaka huko. Alidhani mnunuzi akisikia ubovu ataondoka, kama walivyoondoka wawili wa kabla yake. Huyu hakuondoka. Huyu alikuwa anaukusanya ubovu kama mtu anayeokota maembe.

"Haikuanguka sana," alisema.

"Ulisema paa, paa, paa."

"Ngazi zilikuwa fupi."

"Pak," Bu Wuryani akamwambia kwa upole, "ama ni nzima nikailipe milioni nne sasa hivi nikaondoka nayo, ama ni mbovu. Wewe ndiye mwenye kuijua."

Maskini, akatazama huku ukuta, akatazama huku ukuta. Akiisifu, inauzwa. Akiiponda, inauzwa kwa bei ya vitunguu. Mtu mwingine akifika hapo angenyamaza. Yeye akaona kuna mlango mmoja bado uko wazi, akaukimbilia.

"Ukweli wenyewe, Bu, lenzi hii ina mkosi. Inazeesha watu. Wallahi. Nilimpiga picha mke wangu nayo mara moja tu, na tangu siku ile..."

Ndoo zikalia peke yake: ti, ta, ti.

"Endelea," Bu Murdiyah alisema.

"Nilikuwa nasema..."

"Nimesikia. Malizia. Tangu siku ile, nini?"

"Tangu siku ile... mvua hazikatiki."

Bu Murdiyah akasimama. Akaichukua ile kamera mikononi mwa Bu Wuryani, akaizungusha lenzi mpaka ikachomoka, namna anavyomvunja kuku shingo, akamkabidhi.

"Milioni mbili, mama. Chukua. Na huyu mwanamume nakuongezea bure."

"Ahsante, mama," Bu Wuryani alisema, akizitoa noti haraka kabla bahati haijabadili nia. "Huyo baki naye. Studio yangu ni ndogo."

Pak Harnowo alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, mvuani, bila mwavuli. "Usimfute kwa shungi," alisema. "Mpulizie kwanza vumbi, ndipo umfute. Na usimwache juu ya meza usiku, hapendi baridi."

Bu Wuryani akaona kwamba sasa lenzi imekuwa mtu. "Kwani si mbovu, Pak?"

"Mbovu," alisema. "Lakini hata mbovu ana haki zake."

Wiki ile Malang ilipata maharusi wazuri kupita kiasi. Lenzi ilitaka nafasi, na studio haikuwa nayo, kwa hiyo Bu Wuryani alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, kisigino kimoja ndani, kimoja barazani juu ya mfereji, na muuza supu ya mipira ya nyama akawa anasukuma mkokoteni wake kwa kumzunguka akimlaani kwa adabu. Lakini picha! Nyuso zilitulia. Pua zilirudi kwa wenyewe. Yule mama wa pua alimleta mwanawe wa pili, akaitazama picha, akasema, "Sasa huyu ndiye niliyemzaa," akaondoka bila kuomba apunguziwe.

Siku ya tano Pak Harnowo akaingia. Amechana nywele, amevaa shati la batiki la kwendea karamu.

"Nataka picha," alisema. "Ya kadi ya wastaafu."

"Karibu, keti." Pazia la buluu lilikuwa limekwisha kutundikwa, kwa kuwa foleni ya wachumba ilikuwa ndefu, na Bu Wuryani hakuona haja ya kulibadili. Akarudi mpaka mlangoni, akalenga. "Pak, nitazame mimi."

"Nakutazama."

"Unaitazama lenzi."

"Si ndiyo mnavyotaka? Mtu atazame kwenye lenzi?"

Bu Wuryani akabonyeza, ikatoka picha ya mwanamume anayemtazama mpenziwe kupitia dirisha la basi. Akamkatia nakala nne.

Baada ya siku mbili akarudi: picha ya kadi ya maktaba. Kisha ya chama cha wafuga tetere. Kisha ya mbio za polepole za wazee, ambazo mtaani hakuna aliyewahi kuzisikia. Kila akija aliketi chini ya pazia la buluu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Halafu, huwa anakulengea vizuri? Hasumbui?" kama mtu anayeulizia mkwe. Na Bu Wuryani, ambaye alikwisha kuelewa tangu siku ya kwanza, akaona kumwambia "njoo tu umwone bila kulipa" ni kuharibu burudani. Siku moja alipomwona kwa mbali anavuka barabara, akaifungua lenzi haraka, akaificha ndani ya chungu cha wali, akafunga ile ndogo ya kukuza pua.

Pak Harnowo aliketi, akainua macho, uso ukamwanguka.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Bu Wur, usinifanyie hivyo."

"Amelala. Mgonjwa yule, Pak, umesahau? Ana kuvu, na ngazi zilimuumiza."

Akanuna. Akapigwa picha amenuna, pua imetangulia kama mguu wa meza, akalipa, akaondoka na hiyo picha. Hakukata tamaa. Siku ya pili yake alirudi na kipulizio cha mpira cha kutolea vumbi, zawadi, akasema yuko tayari kumsafisha hata kila siku, bila malipo, kwa sababu tu ya afya ya macho ya wateja. Bu Wuryani akamwacha. Akamwekea kigoda nyuma ya pazia, na kuanzia hapo mara mbili tatu kwa wiki palisikika huko nyuma mlio mdogo wa pumzi, fyu, fyu, na mzee akizungumza peke yake.

Lakini picha zenyewe alizipeleka wapi? Hakuzipeleka popote. Ziliingia mifukoni mwa mashati, na mashati yakaingia kwenye beseni la Bu Murdiyah.

Alizikuta asubuhi ya Jumatatu, nyingi, zimelowa sabuni. Mume wake, nywele zimechanwa, shati la karamu, anatabasamu tabasamu ambalo yeye aliliona mara ya mwisho kabla ya watoto. Na nyuma yake buluu. Sasa Bu Murdiyah hakuwa mjinga. Pak Harnowo alizaliwa mwaka wa witiri, usiogawanyika kwa mbili. Kwa utaratibu wa serikali ya huko, watu wa witiri picha zao za kitambulisho ni za pazia jekundu. Buluu kwa mtu kama huyo ina ofisi moja tu. Jirani aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta akanyoosha shingo, akatazama, akasema kwa sauti ya msiba, "Ya Allah, Bu. Hizo si za ofisi ya ndoa?"

Bu Murdiyah hakujifuta hata povu. Nyuma ya picha mojawapo palikuwa na muhuri wa studio.

Bu Wuryani alikuwa mlangoni, kisigino kimoja juu ya mfereji, akiwapanga wachumba wawili wakati lenzi inafutwa, aliposikia upepo unampita. Bu Murdiyah alipenya kati yake na ukuta, akasimama katikati ya chumba, mikono inadondosha maji, akamwelekezea bibi harusi kidole.

"Ni huyu?"

Bibi harusi, binti wa miaka ishirini na mbili aliyepakwa poda, akamshika mchumba wake. "Mimi nani?"

"Huyu mdogo mno," Bu Murdiyah alijijibu mwenyewe. Akageuka. Akamtazama Bu Wuryani kuanzia shungi la papai mpaka kwenye kandambili, na kitu kikamwingia akilini. "Ni wewe. Mjane! Ulikuja kwangu ukanywa chai yangu, ukala tempe zangu, ukazitazama ndoo zangu..."

"Bu Murdiyah, tulia. Mimi tena? Ulinipa mumeo bure, mbele yake mwenyewe, nikamkataa. Nimwibe kitu kinachogawiwa?"

Bwana harusi akaguna kicheko, akaufunika mdomo. Bu Murdiyah akatikisa zile picha. "Na hizi? Buluu! Kila shati! Mwaka wa witiri huyu!"

Ndipo nyuma ya pazia pakasikika: fyu, fyu. Na sauti ya mwanamume, laini, yenye mapenzi mengi: "Haya, geuka huku, mrembo wangu. Hapa pana vumbi kidogo."

Bu Wuryani, ambaye angeweza kueleza yote kwa maneno matatu, aliuma midomo yake miwili, akanyoosha mkono kwa adabu kuelekea kwenye pazia: karibu, mama, ukaone mwenyewe.

Bu Murdiyah akalivuta pazia likakatika kamba. Pak Harnowo alikuwa ameketi kigodani, kipulizio mkono wa kulia, na lenzi ile ameipakata juu ya kitambaa cha watoto. Alimtazama mkewe. Mkewe akaitazama lenzi. Akatafuta mwanamke kulia, akatafuta kushoto, akainama akatafuta chini ya meza. Alipoinuka, hasira ilikuwa bado ipo usoni lakini haijui pa kukaa.

"Umekuja kuitembelea?"

"Kidogo tu," Pak Harnowo alisema.

"Kwa shati la karamu."

"Sikutaka anione nimechakaa."

Bu Murdiyah akaketi kwenye kiti cha wateja kwa kishindo. Mabega yakaanza kumtikisika. Wachumba walidhani analia, bibi harusi akampa karatasi ya kupangusia uso. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, kisha kwa sauti, akapiga paja lake lenye povu, akasema, "Ya Rabbi, nimekimbia mtaa mzima bila shungi la maana kwa ajili ya kipande cha kioo!"

Mambo yangeishia hapo, na kwa Pak Harnowo ingekuwa heri. Lakini alipoona mkewe anacheka, akapata ujasiri wa mtu asiyejua wakati wa kunyamaza.

"Lakini ni kioo gani, mama! Hakina mwenzake. Safi, hakijapata kuanguka hata juu ya mto. Analenga kabla hujafikiri. Ningempata leo kwa milioni tano ningesema nimeokota."

Kicheko cha Bu Murdiyah kikakatika katikati.

"Hakijaanguka?"

Pak Harnowo akafumba macho.

"Na kuvu?"

"...Hapana kuvu."

"Kwa hiyo umeniangushia bei mwenyewe! Milioni mbili zimeondoka na mvua, mimi nimenunua vigae vya upande mmoja, upande wa pili bado nalala na sufuria!" Akamgeukia Bu Wuryani. "Na wewe ulijua?"

"Niliijua tangu kwenye jicho la tetere," Bu Wuryani alikiri, bila haya hata chembe. "Lakini mimi ni mnunuzi, mama. Lini umeona mnunuzi anamkosoa muuzaji anapoponda mali yake? Ni utovu wa adabu."

Bu Murdiyah akazitupa mezani zile picha zilizolowa. Wachumba wakasogeleana. Wao walikuja kupiga picha, na sasa walikuwa wanaoneshwa ndoa nzima kwa mara moja.

"Basi nisikilize," alisema. "Huyu umemfanya burudani, sasa mfanyishe kazi. Asubuhi nakuletea, jioni nachukua. Ujira wake usipite mikononi mwake, maana utarudi kabatini. Unipe mimi. Vigae vikiisha tutazungumza."

"Mama," Pak Harnowo alianza.

"Wewe huna sauti. Sauti yako yote uliimaliza kwenye ngazi."

Hivyo ndivyo studio ilivyopata msaidizi. Hakuwa msaidizi mzuri. Alichelewesha watu; alimkataza bwana harusi mmoja kuvaa tai kwa sababu haipatani na mwanga; alimwambia afisa mmoja mnene asipumue. Ila jioni lenzi zilikuwa zimefutwa zote, kila moja na kifuniko chake, na kwenye kona Pak Harnowo alitengeneza kisanduku chenye balbu ndogo ndani cha kufukuza unyevu. Bu Wuryani alimtania kutwa nzima, na usiku akigundua kwamba studio haimwelemei kwa upweke kama zamani, alijisemea kwamba ni kwa sababu ya kile kisanduku.

Kisha ukaingia mwezi wa Besar, mwezi ambao Wajava huozana kana kwamba kesho marufuku. Foleni ilivuka barabara. Bu Murdiyah alileta chakula cha mchana, wali na nyama ya nazi ndani ya jani la mgomba, akakuta maharusi wanangoja bila mtu wa kuwaweka sawa, akaweka chakula chini, akaanza kuwarekebisha mashungi. Hakuna aliyemwomba. Kiti kilikaliwa na binti mmoja aliyekuwa amekakamaa kama ubao, macho yamemtoka. Bu Wuryani alimpa vichekesho vyake vyote, kadhi, mahakama, mpaka cha pua. Binti hakujongea.

Bu Murdiyah akainama, akamweka pini chini ya kidevu, akamnong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka ofisi ya ndoa:

"Mwanangu, huyo wako anakusanya kitu chochote? Stempu? Ndege? Saa?"

"Ana... ana samaki," binti alisema. "Matangi saba."

"Saba! Na paa la kwenu je, linavuja?"

Binti akamtazama mchumba wake. Mchumba akatazama viatu vyake. Na polepole, kwanza pembeni mwa mdomo, kisha shavuni, kisha machoni, ile furaha ya mtu aliyegundua kwamba atapata wa kumtania maisha yake yote ikampanda binti usoni, akacheka meno yote nje.

"Sasa!" Pak Harnowo alipiga kelele kutoka nyuma.

"Nimeona, nimeona," Bu Wuryani alisema, kisigino juu ya mfereji, na akabonyeza.